Timu yako ikihamishwa mji: uifuate, au uanze nyingine palepale?

Tarehe 28 Mei 2002 jopo la watu watatu liliamua kwamba Wimbledon, timu ya kusini magharibi mwa London, iruhusiwe kuhamia Milton Keynes, mji ulio kama kilomita 90 kaskazini. Wawili waliafiki, mmoja akapinga. Bodi ya ligi ilikuwa imekataa tangu Agosti 2001, lakini wenye timu hawakuridhika. Walipambana mpaka likaundwa jopo hilo, na neno lake likawa la mwisho.

Kura ile moja ya ziada ilizaa klabu mbili. Moja ilibeba wachezaji, nafasi ya ligi na madeni ikaenda Milton Keynes. Leo inaitwa MK Dons. Nyingine ilianzishwa na mashabiki waliokataa kwenda, nayo inaitwa AFC Wimbledon. Kwa kawaida mtu akishachagua njia moja hapati kujua ile nyingine ingemfikisha wapi. Hapa tunajua, maana njia zote mbili zimetembewa hadharani kwa zaidi ya miaka 20. Ndiyo sababu nimezichukua hizi mbili nizilinganishe kwa ajili ya shabiki anayesikia tetesi kwamba timu yake inaondoka, na hasa shabiki wa huku kwetu Tanzania.

Kwetu jambo hili si geni tena. Kitayosce ilitoka Kilimanjaro ikaenda Tabora na kuwa Tabora United. Ihefu ilitoka Mbarali mkoani Mbeya ikaenda Singida, na kuanzia msimu wa 2024/25 ikaitwa Singida Black Stars. Iliyokuwa Singida Fountain Gate nayo ikaondoka Singida, ikabaki na jina la Fountain Gate tu, na makazi yake yakawa Babati. Kila timu inapofunga virago, kuna watu wanabaki wameshika jezi ambayo Jumamosi hawana pa kwenda kuivalia.

Kuhama hakuanzi siku ya kuhama

Wimbledon ilianzishwa 1889. Ilikaa miaka mingi kwenye soka la ridhaa, ikaingia ligi ya kulipwa 1977, na kufikia 1986 ilikuwa daraja la juu kabisa. Tarehe 14 Mei 1988 ikaifunga Liverpool 1-0 kwenye fainali ya Kombe la FA pale Wembley. Lawrie Sanchez alifunga kwa kichwa, na kipa Dave Beasant akapangua penalti ya John Aldridge. Hiyo ilikuwa timu ya uwanja mdogo, Plough Lane, uliozungukwa na nyumba za watu wa kawaida.

Mwaka uliofuata yakatokea maafa ya uwanja wa Hillsborough, ambako mashabiki 97 wa Liverpool walipoteza maisha kwa kubanwa kwenye majukwaa ya kusimama. Serikali ikaagiza viwanja vya madaraja ya juu viwe vya viti vitupu, watu wasisimame tena. Wenye Wimbledon wakasema Plough Lane haurekebishiki, na mwaka 1991 wakaihamishia timu Selhurst Park, nyumbani kwa Crystal Palace, kama wapangaji. Walisema ni kwa muda. Muda huo ukawa miaka 12. Katikati hapo kiwanja cha Plough Lane kikauzwa kwa kampuni ya maduka makubwa, timu ikauzwa kwa matajiri kutoka Norway, na mwaka 2000 ikashuka daraja. Wazo la Milton Keynes lilipotangazwa 2001, timu ilikuwa haina nyumba tangu muongo mmoja nyuma. Aliyekuja kuichukua alikuta mlango uko wazi.

Hapa ndipo ningependa shabiki wa kwetu asimame kidogo. Ukisikia timu yako itachezea mechi za nyumbani mkoa mwingine "kwa muda", wakati uwanja unakarabatiwa au unasubiri ukaguzi, uliza tarehe ya kurudi. Uliza iandikwe. Wakati wa kuuliza ndio huo, kabla jina halijabadilishwa na kabla nembo mpya haijachorwa.

Waliokwenda

Niwatendee haki watu wa Milton Keynes, kwa sababu habari zao husimuliwa zaidi na wanaowachukia. Timu ilifika kule Septemba 2003 ikiwa tayari mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Ikacheza kwenye uwanja wa mpira wa magongo, na mwisho wa msimu ikashuka daraja ikiwa ya mwisho kwenye msimamo. Pete Winkelman, mtu wa biashara ya muziki aliyekuwa na ndoto ya kuupatia mji ule uwanja mkubwa, akainunua, na Juni 2004 akabadili jina na rangi. Mwaka 2006 ikashuka tena, ikawa daraja la nne. Ile nafasi ya daraja la pili, ambayo ndiyo iliyokuwa mali hasa iliyohamishwa, ilidumu msimu mmoja tu.

Baada ya hapo ikatulia. Uwanja mpya, ambao baadaye ulifikishwa viti 30,000 na zaidi, ukafunguliwa 2007. Mwaka 2008, chini ya kocha Paul Ince, ikapanda daraja na kuchukua kombe la timu za madaraja ya chini. Tarehe 26 Agosti 2014 ikaichapa Manchester United 4-0 kwenye Kombe la Ligi, na uwanjani siku hiyo alikuwepo Dele Alli, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa na kukulia mji huohuo. Mwaka 2015 ikafika daraja la pili, ikakaa msimu mmoja ikarudi. Julai 2022 uwanja wake ulichezewa nusu fainali ya Euro ya wanawake kati ya Ujerumani na Ufaransa. Mtoto aliyezaliwa Milton Keynes mwaka 2004 amekua na timu, uwanja na kumbukumbu. Hakumnyang'anya mtu kitu chochote, na sioni kwa nini abebeshwe lawama za waliokuwa mezani 2002.

Lakini kwa shabiki anayetaka kuchagua, kuna jambo moja kubwa: timu ilipohama, mashabiki wake hawakuhama nayo. Walioifuata walikuwa wachache mno. Hata kabla haijaondoka London, msimu wa 2002/03, watu walikwishaisusa. Mechi moja ya Oktoba 2002 haikufikisha watazamaji 1,000, na hiyo ni timu ya daraja la pili Uingereza. Aliyeamua kuifuata alifika mji mpya akawa mgeni kwenye timu yake mwenyewe, amekaa katikati ya watu ambao hawakuwa na habari na Plough Lane wala Beasant.

Halafu likaja la pili, zito zaidi. Baada ya makubaliano yaliyofikiwa 2006, MK Dons ilikubali kuachia historia ya Wimbledon. Agosti 2007 vikombe na kumbukumbu, ikiwemo nakala ya Kombe la FA la 1988, vikakabidhiwa kwa halmashauri ya Merton, eneo la London ambako Wimbledon ipo. Klabu yenyewe ikaanza kuhesabu maisha yake kuanzia 2004. Mtu aliyepanda treni kwenda kaskazini ili asiiache historia yake akaikuta historia imerudishwa kule alikoondoka. Nadhani ulikuwa uamuzi wa haki, na ni heshima kwa MK Dons kwamba waliufanya. Ila shabiki anayefikiria kuifuata timu aujue: kinachohama ni nafasi ya ligi na mikataba ya wachezaji. Mengine yote yanategemea hisani ya mwenye timu.

Waliobaki

Wiki sita baada ya uamuzi wa jopo, waliobaki walikuwa na timu inayocheza mechi.

Tuitazame kwa karibu, maana wengi wanaposikia "mashabiki walianzisha klabu" wanadhani kulikuwa na tajiri nyuma ya pazia. Tarehe 29 Juni 2002 walitangaza majaribio kwenye Wimbledon Common, uwanda wa wazi wa umma ambako watu hutembeza mbwa na kukimbia asubuhi. Yeyote asiye na timu aje. Walijitokeza wachezaji 230. Wakachujwa siku mbili tatu, kikapatikana kikosi, na tarehe 10 Julai wakacheza mechi ya kirafiki na Sutton United. Walifungwa 4-0. Watazamaji walikuwa 4,657, kwa timu ambayo mwezi mmoja na nusu nyuma haikuwepo.

Waliingizwa kwenye ligi ya Combined Counties, soka la chini sana ambalo wachezaji wake wanatoka kazini ndipo waje mazoezini. Msimu ule wa kwanza mechi zao za nyumbani zilivuta wastani wa watu wapatao 3,000, zaidi ya Wimbledon yenyewe iliyokuwa bado Selhurst Park ikicheza daraja la pili. Mashabiki wakanunua hisa, klabu ikapata uwanja wa Kingsmeadow huko Kingston. Kati ya Februari 2003 na Desemba 2004 walicheza mechi 78 za ligi bila kufungwa, rekodi ambayo hakuna timu nyingine ya wakubwa Uingereza imeifikia.

Wakapanda 2004, 2005, 2008, 2009. Tarehe 21 Mei 2011, kwenye uwanja wa Manchester City, wakakutana na Luton Town kugombea nafasi ya kuingia ligi ya kulipwa. Dakika 120 ziliisha 0-0. Langoni kwa Wimbledon alisimama Seb Brown, kijana ambaye utotoni alikuwa akikaa jukwaani kuishangilia klabu hiyohiyo. Alipangua penalti mbili. Nahodha Danny Kedwell akapiga ya mwisho, kali ya juu, kipa wa Luton asiipate. Miaka tisa kutoka Wimbledon Common mpaka hapo.

Wasifikiriwe kuwa malaika. Uwanja wa Kingsmeadow ulikuwa wa klabu nyingine ndogo, Kingstonian, iliyoupoteza kwa matatizo yake ya fedha kabla Wimbledon hawajafika. Kingstonian wakabaki hapo kama wapangaji. Wimbledon walipotaka fedha za kurudi kwao, wakauuza uwanja kwa Chelsea, na 2017 Kingstonian wakalazimika kutafuta pa kuchezea. Watu waliolia kwa kukosa nyumba nao wakawa sehemu ya kisa cha wengine kukosa nyumba. Naliandika hili kwa sababu atakayeanzisha klabu yake atafika mahali pa namna hiyo, na ni vizuri ajue mapema kwamba kuonewa jana hakukupi kibali cha kumsahau jirani leo.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwenye daraja, ukitazama miaka michache ya mwanzo waliokwenda walikuwa mbele sana: walicheza ligi ya kulipwa wakati waliobaki wanacheza na timu za vijiji. Ukitazama miaka 14, msimu wa 2016/17 zote mbili zilikuwa daraja la tatu, moja imeshuka, nyingine imepanda. Ukitazama 2025, AFC Wimbledon waliifunga Walsall 1-0 Wembley wakapanda daraja la tatu, wakati MK Dons wakimaliza nusu ya chini ya daraja la nne. Kwa hiyo faida ya kuanzia juu ilikuwepo, ila iliyeyuka. Anayesema "tuihamishe timu ili tusipoteze nafasi ya ligi" anazungumzia mali inayooza haraka.

Kwenye uwanja MK Dons wanashinda kwa ukubwa, na kwa mbali. Viti 30,000 kwa 9,000 na kidogo. Ila uwanja wa MK mara nyingi una viti vingi vitupu, na wa Wimbledon umekaa mahali ambapo watu waliulilia. Plough Lane mpya ulijengwa mita mia mbili na ushee kutoka pale ulipokuwa wa zamani. Fedha zilipopungua mwishoni, kulikuwa na wazo la kuuza sehemu ya klabu kwa wawekezaji wa nje. Mashabiki wakaamua kukopesha klabu wenyewe, na mwaka 2020 wakachanga zaidi ya pauni milioni 5 kwa hati za mkopo. Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 3 Novemba 2020 dhidi ya Doncaster Rovers, ikaisha 2-2. Ulikuwa wakati wa korona. Mageti yalifungwa. Watu waliosubiri miaka 29 kurudi nyumbani waliitazama mechi hiyo kwenye simu na runinga, wengine wakiwa hatua chache tu kutoka ukutani. Hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Kwenye umiliki ndiko tofauti inakokaa yote. MK Dons ilikuwa ya Winkelman kwa miaka 20, na Agosti 2024 akaiuza kwa wawekezaji kutoka Kuwait. Huenda ni wamiliki wazuri. Shabiki hakuwa na kura. AFC Wimbledon kwa sehemu kubwa ni mali ya umoja wa mashabiki, Dons Trust, ambako mwanachama mmoja ana kura moja. Kuna gharama yake. Klabu ya namna hii haiwezi kushindana na tajiri kwenye usajili, mambo huenda polepole, mikutano ni mirefu, na mtu unayemlaumu kwa matokeo mabaya ni jirani yako. Septemba 2024 mvua kubwa ilifukua shimo kwenye kiwanja chao, siku chache kabla ya mechi ya Kombe la Ligi na Newcastle, na mechi ikabidi ihamishiwe kwa wapinzani. Hakukuwa na bilionea wa kupigiwa simu. Watu walichanga tena. Miezi minane baadaye wakapanda daraja.

Wanapokutana uso kwa uso mambo yamekwenda huku na huku. Mara ya kwanza, Desemba 2012 kwenye Kombe la FA, MK Dons walishinda 2-1 kwa bao la dakika za majeruhi. Wimbledon walipata ushindi wao wa kwanza Oktoba 2014, 3-2, Adebayo Akinfenwa akifunga la ushindi. Sitaki kulipa jambo hili uzito mkubwa. Mechi tisini za dakika tisini haziamui nani alikuwa na haki.

Kabla ya kuchagua kati ya hizo mbili

Ipo njia ya tatu, nayo ni kuizuia isiondoke. Oktoba 2017 mwenye Columbus Crew ya Marekani, Anthony Precourt, alisema anaangalia uwezekano wa kuipeleka timu Austin, Texas. Mashabiki wakajipanga: mabango, maandamano, ahadi za kununua tiketi za msimu, wafanyabiashara wa mji wakaitwa. Silaha yao kubwa, hata hivyo, ilikuwa sheria. Jimbo la Ohio lilipitisha sheria mwaka 1996, baada ya timu ya Cleveland Browns kuondolewa kupelekwa Baltimore. Wakati huo ilisema timu iliyofaidika na fedha za umma kwenye uwanja wake haiwezi kuondoka bila kutoa taarifa ya miezi sita na kuwapa watu wa hapo nafasi ya kuinunua. Kesi ikafunguliwa Machi 2018. Mapema 2019 timu ikawa mikononi mwa wamiliki wapya waliokubali kuibakisha, na Desemba 2020 Columbus wakawa mabingwa wa nchi. Austin nao walipata timu yao mpya iliyoanza kucheza 2021. Miji yote miwili ikawa na timu.

Korea Kusini wanatoa mfano wa waliochelewa kujipanga. Mwaka 2004 timu ya Anyang ilipelekwa Seoul na kuwa FC Seoul. Watu wa Anyang walikaa miaka tisa bila timu ya kulipwa, mpaka FC Anyang ilipoanza 2013. Mwaka 2024 wakawa mabingwa wa daraja la pili, na 2025 wakaingia daraja moja na FC Seoul. Miaka 21 tangu timu iondoke. Kwa hiyo kuanza upya kunawezekana hata baada ya kukaa kimya muda mrefu, ila kila mwaka wa kusubiri unaondoka na kundi la watoto watakaochagua timu ya mbali kwenye kibanda umiza.

Sasa tuje kwetu

Tarehe 29 Novemba 2022, kwenye uwanja wa Highland Estates pale Ubaruku, Ihefu waliifunga Yanga 2-1. Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Mwendo huo ukakomea katikati ya mashamba ya mpunga ya Mbarali. Oktoba 2023 Ihefu wakarudia, 2-1 tena. Kabla msimu huo haujaisha timu ilikuwa inacheza Singida.

Singida wamefaidi. Septemba 2025 Singida Black Stars walichukua Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Omdurman 2-1, na hilo ni kombe la ukanda mzima wa Afrika Mashariki na Kati. Lakini Singida hiyohiyo imeona Singida United ikipanda 2017 na kushuka 2020, ikaona Singida Big Stars ikija na kugeuka Singida Fountain Gate, kisha ikaiona ikiondoka. Mji huo ni shahidi wa pande zote mbili, wa kupokea na wa kupokonywa. Mwanza, kwa upande mwingine, walibaki na Pamba yao, TP Lindanda, ikizunguka madaraja ya chini zaidi ya miaka 20 mpaka ilipopanda Ligi Kuu 2024. Zile nyimbo za zamani zilikuwa bado zina waimbaji.

Je, njia ya AFC Wimbledon inatembeka hapa? Ngazi zipo: ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, kisha Ligi Kuu. Si nyingi kuliko zile za Waingereza. Ugumu uko kwingine. Wimbledon walikuwa na watu 3,000 wanaolipa kiingilio kila wiki mbili tangu mwezi wa kwanza. Timu ya wilaya kwetu hupata watu ambao wengi wao wamesimama nje ya kamba. Ligi ya Mabingwa wa Mikoa huchezwa kwa vituo, timu inasafiri na kulala wiki kadhaa mahali pamoja, na gharama ya chakula na malazi peke yake imewaangusha wengi wenye vipaji. Anayeanza aanze akijua kwamba fedha ya msimu wa tatu ni ngumu kuipata kuliko ya msimu wa kwanza, maana hasira ya watu huwa imepoa.

Nilipokuwa shule ya msingi, timu ya kata yetu iliuzwa kwa mtu wa mji mwingine. Haikuwa timu kubwa. Kulikuwa na mzee aliyekuwa akichora mistari ya uwanja kila Jumamosi alfajiri kwa majivu aliyokusanya kwa mama lishe wa sokoni, anayabeba kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini kwa msumari, anatembea kinyumenyume akiitikisa. Timu ilipoondoka aliendelea kuchora kwa wiki kadhaa. Watoto tulicheza hapo, kwenye mistari iliyonyooka kuliko uwezo wetu. Hakuna aliyekuja kumwambia kwamba timu haipo. Baadaye akaacha, na mwaka uliofuata pale pakawa maegesho ya malori. Ninapoangalia picha za Wimbledon Common huwa najiuliza ingekuwaje kama watu wazima kumi tu wa kata ile wangekwenda kukaa naye pembeni ya uwanja wakazungumza.

Kwa hiyo, ushauri wangu kwa anayechagua uko hivi. Kama timu bado haijaondoka, pambana kwanza, na uanze na karatasi: uwanja ni wa nani, mkataba wa matumizi unasema nini, katiba ya klabu inamtambua nani kuwa mwanachama, halmashauri iliweka fedha yoyote humo au la. Kama hayo yote yako mikononi mwa mtu mmoja, ujue kelele zako zina ukomo, na uanze kujiandaa mapema.

Kama imeshaondoka na wewe ni mtu wa mpira tu, unapenda kuona Ligi Kuu na mji mpya haupo mbali, ifuate bila aibu. Si usaliti. Wachezaji uliowapenda bado wamo, kocha yumo, na msimu mmoja au miwili utaifurahia. Usitegemee zaidi ya hapo. Wakiondoka wale wachezaji, utabaki unashangilia jina usilolijua.

Kama ulichokipenda ni ile Jumamosi ya kwenu, kutembea kwa miguu na jirani mpaka uwanjani, basi baki, uanze nyingine. Hili ndilo ninalolichagua mimi, na ningelichagua hata nikijua litachukua miaka tisa. Ila msianze bila mambo mawili. La kwanza, klabu iwe ya wanachama kwa maandishi, kwamba hakuna mfadhili, hata awe mwema namna gani, atakayeweza kuiuza au kuihamisha bila kura za wengi. Wimbledon walilipata somo hilo kwa kupoteza timu ya miaka 113. La pili, pateni uwanja kabla ya jezi. Ombeni halmashauri, shule au taasisi yoyote ya hapo mkataba wa miaka, hata kama ni kiwanja cha vumbi kisicho na ukuta.

Na kwa mji unaoipokea timu ya wenzenu: ipokeeni, waleteni watoto. Ila waulizeni wenye timu maswali yaleyale ambayo kule ilikotoka hakuna aliyewauliza, na muwe nayo kwenye karatasi kabla msimu haujaanza. Jina la zamani na vikombe vya zamani viacheni kule. Watakuja kuvihitaji siku watakapokwenda chama cha soka cha wilaya kusajili timu yao.